Kiangazi hadi kiangazi: shajara ya maji, moto na mboga mjini Tororo

Februari, wiki ya kwanza

Lengo la mradi ni hili: kiangazi kijacho, kuanzia Desemba mpaka mvua za Machi, nyumba yetu ya watu sita isinunue maji ya kunywa wala ya kupikia, isinunue mboga za majani, na mkaa upungue hadi nusu. Kiangazi nimekichagua makusudi. Mwezi wa Mei hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, karibu kila nyumba inajitegemea: dodo, yaani mchicha, inaota hata kando ya reli, na maji yanamwagika toka kila paa bila mtu kuyakinga. Januari ndiyo inayoonyesha nani alijiandaa.

Kabla ya kununua mbegu au mfuko wa saruji nimeanza na daftari. Kila shilingi inayotoka inaandikwa na aliyeitoa, hata watoto wakitumwa dukani kuleta chumvi. Ada za shule na dawa nimeziweka ukurasa wake, maana hizo hazipunguzwi kwa jembe. Katika yaliyobaki, matatu yamejitokeza juu: mkaa, maji ya jerikeni yanayoletwa kwa baiskeli bomba likikauka, na mboga. Sukari na nyama, ambazo watu wengi huzikata kwanza wakitaka kubana matumizi, kwetu ziko chini kabisa. Kukata sukari kungetunyima furaha ya chai bila kutuokoa.

Nimeulizwa na majirani kwa nini sianzi na kuku. Kuku wanakunywa maji. Nyumba inayonunua maji mwezi wa Januari itawanunulia na kuku pia, kisha mayai yawe ghali kuliko ya dukani. Maji kwanza, halafu moto, halafu chakula. Mpangilio huo nitaushika.

Februari, katikati ya mwezi

Nimepima paa. Nyumba ina mita 9 kwa 7, ndani ya ploti ya futi 50 kwa 100. Eneo la kukusanya maji hupimwa chini kwenye ardhi, pale paa linapofunika, wala si kufuata mteremko wa bati. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Hesabu haina ugumu zaidi ya huo. Ondoa kama sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka nje ya mfereji na yale yanayokaushwa na bati la moto.

Tutaanza na upande mmoja wa paa, mita za mraba 31 hivi. Mvua moja ya milimita 10, ambayo hapa ni mvua ya kawaida ya alasiri, inatoa karibu lita 250, yaani jerikeni 12. Tororo hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nusu ya paa letu peke yake inamwaga zaidi ya lita 24,000 kila mwaka, na yote yalikuwa yanakwenda kuchimba shimo nyuma ya choo.

Upande wa matumizi: kunywa, kupika na kuosha vyombo kunatuchukua jerikeni mbili na nusu kwa siku, lita 50. Kiangazi cha siku 90 kinahitaji lita 4,500. Kwa hiyo tangi la lita 5,000. Kuoga na kufua havimo humo. Maji ya kazi hizo yatatoka kisimani kama siku zote, na watoto wanajua hivyo. Tangi dogo likitumiwa kwa kila kitu linakauka kabla ya Krismasi haijaisha, halafu watu wanasema maji ya paa hayafai.

Machi, mwanzoni

Tangi la plastiki la ukubwa huo ni rahisi kuweka na linafika siku hiyohiyo, ila fedha yake yote inatakiwa mara moja. Tumechagua tangi la saruji na waya. Hilo unalinunua vipandevipande: leo waya, wiki ijayo saruji, mchanga unapopata lori. Likipata ufa, fundi wa mtaani analiziba. Na tuko Tororo, mji wa saruji. Mfuko haujasafiri mbali kufika hapa.

Fedha ya kuanzia nimekopa kwenye kikundi chetu cha akiba, kile cha sanduku lenye kufuli tatu na funguo zake kwa watu watatu tofauti. Wanakikundi waliuliza maswali mazuri sana kabla ya kukubali, na mzee mmoja alitaka kuona hesabu za paa kwenye daftari. Nilifurahi kumwonyesha. Kwa sasa wawili wameshaanza kupima mapaa yao.

Kwa bei ya jerikeni za kiangazi peke yake tangi litajilipa polepole, miaka kadhaa. Nimeliandika hilo wazi ili asiwepo wa kudanganyika. Lakini tangi linajaa na kutumika tena na tena msimu wote wa mvua, na binti yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa kupanga foleni ya maji jioni, atakuwa mezani na vitabu vyake. Hilo sikuliwekea bei.

Machi, mwishoni

Ujenzi umeanza. Naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo penye mambo ya kujifunza.

Mahali: mbali na choo na mbali na mwembe, kwa kuwa mizizi hupasua msingi. Msingi wa mawe na zege umeinuliwa kiasi cha jerikeni kusimama wima chini ya bomba. Fundi alitaka kulichimbia bomba kishimo badala ya kuinua msingi, mume wangu akakataa. Kishimo kinajaa maji machafu na mbu huzaliana humo.

Vipimo: kipenyo mita 1.9, kimo mita 1.8. Hiyo inatoa lita 5,100 kidogo na kitu. Umbo la mduara linashinda la pembe nne kwa sababu maji husukuma ukuta sawasawa pande zote, hakuna kona ya kupasuka. Tulisimamisha kalibu ya mabati ya zamani yaliyokunjwa duara, tukazungusha waya wa kuku, kisha waya mnene ukazungushwa juu yake kama kamba ya pia. Chini kabisa mizunguko inakaribiana, na juu inaachana, maana uzito wa maji unakaa chini. Fundi asiyefanya hivyo muulize kwa nini.

Mchanga ni wa mto, umeoshwa mpaka maji yake yakatoka maangavu. Udongo ukibaki ndani ya mchanga, plasta inavuja. Kipimo ni ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, na maji kidogo, kiasi cha mchanganyiko kushikana mkononi bila kuchuruzika. Nje kwanza, kesho yake kalibu ikatolewa, ndani ikapigwa plasta, halafu uji mzito wa saruji tupu ukapakwa kuziba vitundu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa yetu sisi wa nyumbani. Saruji inakomaa kwa unyevu. Ikikauka haraka kwa jua inabaki dhaifu na kufanya nyufa nyembamba kama nywele. Tulilivisha tangi magunia, na magunia yalimwagiwa asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu. Mama mkwe alijipa zamu ya mchana bila kuombwa. Alikuwa akiimba huku akimwagia, na watoto wakajifunza wimbo.

Aprili 14

Mihogo imepandwa shambani kwa mama mkwe, upande wa Osukuru, mara mvua iliposhika. Vipando ni vya aina mbili, NASE 14 na NAROCASS 1, zote kazi ya watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Magonjwa mawili ndiyo yanayomaliza mihogo yetu: batobato, inayokunja na kudumaza majani, na michirizi ya kahawia, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu shina linaweza kuonekana zima huku mzizi ndani umeoza rangi ya kahawia. Yote mawili husambazwa na nzi weupe na kwa kupeana vipando vyenye ugonjwa. Mama mkwe anakumbuka vizuri batobato ilivyofagia mashamba, janga lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea miaka ya 1990. Watu walikula kile ambacho hawakuwahi kukiita chakula. Ndiyo maana yeye haombi vipando kwa jirani hata jirani akiwa mwema. Tulikwenda kuvichukua kwa mkulima anayekaguliwa.

Muhogo tunauhesabu kama ghala la kiangazi. Unakaa ardhini bila gunia, bila dawa, unachimbwa wa kutosha siku hiyo. Uliopandwa sasa utakuwa na miezi 10 Februari.

Aprili, mwishoni

Maji ya kwanza tuliyoyakusanya tumeyatumia kufulia, kwa sababu saruji mpya huyafanya makali. Sasa tangi linajazwa kwa ajili ya jikoni.

Mambo manne madogo ambayo bila hayo maji ya paa ni hatari. Bomba linaloshuka toka mferejini limeunganishwa kwa namna linaweza kugeuzwa pembeni: mvua ikianza baada ya siku za jua, tunaligeuza mpaka lita kama 30 za kwanza ziende kwenye migomba na vumbi, kinyesi cha ndege na majani, kisha linarudishwa tangini. Mdomo wa tangi una wavu wa mbu uliofungwa maradufu. Ndani ni giza, maana mwanga huotesha ukijani. Na mkono wa mtu au kata haviingii kamwe. Maji yanatoka kwa bomba.

Ya kunywa bado tunayatibu. Siku za jua kali tunatumia chupa safi za plastiki zisizo na rangi, za lita moja na nusu au mbili, zilazwe juu ya bati kwa saa sita kamili. Kukiwa na mawingu ziachwe siku mbili, na siku ya mvua ya kutwa tunachemsha. Maji yawe maangavu. Ukiweka maandishi ya gazeti chini ya chupa iliyosimama na usiweze kuyasoma ukitazama toka juu, chuja kwanza.

Kijana wangu wa kati ametengeneza kijiti cha kupimia. Kwa upana wa tangi letu, kila sentimita moja ya kimo ni lita 28. Tukitumia lita 50 kwa siku, kijiti kishuke chini ya sentimita mbili. Kikishuka tatu, ama bomba linavuja ama mtu ameogea maji ya kunywa. Kwa kuwa bomba liko sentimita 10 juu ya sakafu, ya kuhesabu ni sentimita 170.

Juni 9

Sasa moto.

Mei 2023 Rais alitoa Amri ya Utendaji namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hata miti ya shea, inayowapa watu mafuta ya kula, ilikuwa inageuzwa magunia ya mkaa na kusombwa kuja mijini kwetu. Lakini mtu akiunga mkono amri hiyo halafu jioni akawasha sigiri ilivyokuwa, ameunga mkono kwa mdomo. Jikoni ndiko mahali pa kuijibu.

Daftari linaonyesha wazi mkaa unakwenda wapi: maharage. Chai, ugali, mboga, vyote ni dakika chache. Maharage ni saa tatu za sigiri.

Kwa hiyo tumerudia kikapu cha kuivishia, kitu ambacho mama mkwe alikiona kwa mara ya kwanza kwa watawa zamani. Kikapu kipana kimezungushiwa majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja kizima chini na pembeni, kisha blanketi kuukuu, na mto wa majani hayohayo wa kufunika juu. Maharage yanalowekwa usiku. Asubuhi maji ya kulowekea yanamwagwa, yanawekwa mapya, na sufuria inatokota kwa nguvu nusu saa ikiwa imefunikwa. Halafu, bila kufunuliwa, inahamishwa kikapuni na kufunikwa kabisa. Baada ya saa tatu au nne yameiva, yamelainika bila kupasuka. Yanarudishwa motoni kutokota tena pamoja na kitunguu, na kuliwa.

Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu. Chakula kidogo kinapoa upesi. Ile nusu saa ya kutokota isipunguzwe hata kidogo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na kutokota kwa kweli. Joto la uvuguvugu haliitoshi, na mtu huugua tumbo vibaya. Na chakula kisilale kikapuni kutwa mpaka kipoe. Jirani mmoja alifanya hivyo kwake na wali, ukachacha, akaniletea lawama. Nilimweleza, akajaribu tena, sasa ana kikapu kikubwa kuliko changu.

Juni, mwishoni

Jiko la udongo limejengwa jikoni nje. Udongo wa kichuguu, nyasi kavu zilizokatwakatwa vipande vya kidole, maji, vikakandwa kwa miguu na kuachwa siku chache kabla ya kufinyangwa. Matundu mawili ya sufuria, mdomo mmoja wa kuni, na dohani ya kutoa moshi. Linaachwa likauke lenyewe majuma kadhaa. Kuliwasha bichi ni kulipasua.

Kuni ni matawi ya mjohoro uliopandwa zamani kwenye mpaka wa ploti, unaochipua kila ukikatwa. Yamepasuliwa membamba na kupangwa chini ya ukingo wa paa tangu Februari. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuipa sufuria chochote, na moshi wake unaingia machoni na vifuani mwa wanaopika. Ingiza ncha tu, sukuma kadiri zinavyoliwa.

Chenga za chini ya gunia la mkaa hazitupwi tena. Zinachekechwa, zinachanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo, zinafinyangwa tufe kama ngumi ya mtoto na kuanikwa mpaka zilie kama jiwe zikigonganishwa. Zinawaka taratibu, kwa hiyo ziwekwe juu ya mkaa ulioshika tayari, na zitumike kwa supu au kuchemsha mahindi. Kwa chai ya asubuhi hazifai, zinachelewesha watoto shule.

Neno moja kwa uzito wote: sigiri, iwe ya mkaa au ya tufe, haiingizwi chumba cha kulala hata kuwe na baridi gani. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Julai 22

Maharage ya msimu wa kwanza yamevunwa. Yamekauka? Tumepima kwa chumvi: chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na konzi kadhaa za maharage, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha maharage juani. Yetu haikunata mara ya pili.

Kisha jerikeni. Jerikeni ya lita 20, iliyooshwa na kukaushwa kabisa ndani, inajazwa mpaka shingoni, ikitikiswa ili kusibaki nafasi, na kifuniko kinakazwa juu ya kipande cha plastiki. Bungua waliomo wanapumua hewa iliyobaki, inakwisha, wanakufa. Hakuna dawa. Kila jerikeni inachukua karibu kilo 16. Ukishafungua, itumie yote au uihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa. Jerikeni iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba isitumike, hata iwe imeoshwa namna gani.

Agosti

Kuku sita wamenunuliwa, na wamechanjwa dhidi ya mdondo kwa tone la jicho, aina ya chanjo inayovumilia joto. Itarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna zaidi la kusema juu yao kwa sasa.

Septemba 17

Mvua za pili zimeshika. Magunia ya mboga yamesimamishwa nyuma ya jiko: katikati ya kila gunia kuna nguzo ya kokoto toka chini mpaka juu, pembeni udongo na mboji, na sukuma wiki zimechomekwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanamwagwa kwenye kokoto na kufikia mizizi ya chini. Ya sabuni hayaendi huko. Yale ya kuogea yameelekezwa kwenye shimo la migomba, ambamo maganda na majani yanaozea, na pembeni yake tumepanda magimbi.

Mnavu na dodo tumeziacha ziote zenyewe. Ni mboga za hapa, hazihitaji kubembelezwa, na naona vibaya watu wanavyoziita magugu huku wakinunua kabichi.

Novemba 11

Wiki nzima ni ya majani ya kunde. Kunde ilipandwa Septemba nyingi kuliko tunavyoweza kula, kwa kazi hii. Majani machanga yanachumwa asubuhi, yanatumbukizwa kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, yanachujwa na kuanikwa kivulini penye upepo. Jua kali linafifisha rangi yake na kuua vitamini A iliyomo. Yakivunjika mkononi kwa mlio, yako tayari kwa mtungi wenye kifuniko. Kunde kavu zikilowekwa na kupikwa na odii, ule uji mzito wa kusagwa, ya simsim na njugu, mgeni hawezi kudhani ni mboga ya akiba. Mama mkwe anasema ni tamu kuliko mbichi, na mimi nakubaliana naye.

Viazi lishe vimevunwa pia. Mara nyingi kinachopotea kiangazi ni marando. Shamba linakauka, Machi hakuna cha kupanda, mtu ananunua. Tumechagua viazi vidogo visivyo na kidonda wala fukusi, tukavipanga ndani ya beseni kwa tabaka za mchanga mkavu uliopoa, vikakaa ndani kivulini. Katikati ya Januari vitakuwa vimechipua. Vitahamishiwa kwenye tuta dogo karibu na tangi na kumwagiwa maji, na kila kiazi kinaweza kutoa vipando 40 vya kupanda mvua zikianza.

Desemba 15

Mvua imekatika. Tangi limejaa: sentimita 170. Chini ya kitanda kuna jerikeni za maharage, juu ya kabati mitungi ya kunde.

Januari 19

Bomba la mtaa limekauka tangu sikukuu. Jerikeni ya baiskeli imepanda bei, kama kila mwaka.

Majirani wamekuja, na lilikuwa jambo la kujadiliwa kwa uzito nyumbani. Mume wangu alihesabu: tukigawa jerikeni moja kwa siku, lita 20, tangi linakwisha mwanzoni mwa Machi. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mama mwenye mtoto mchanga na mzee anayeishi peke yake hawahesabiwi kwa kijiti." Tumekubaliana hivyo. Hao wawili wanapata lita tano kila mmoja, kwa siku zilizo ngumu. Wengine tunawaonyesha hesabu za paa, na fundi ameshapata kazi mbili mtaani.

Ilinyesha mvua moja ya ghafla wiki iliyopita, kama milimita 8. Kijana aligeuza bomba kwa wakati, kijiti kikapanda sentimita saba.

Sukuma wiki kwenye magunia zimepunguza majani lakini zinasimama. Tunakula kunde kavu mara tatu kwa wiki, na matembele ya kwanza toka tuta la viazi.

Februari 24

Kijiti: sentimita 30 juu ya bomba. Ni lita 840, siku 16 au 17 kwa matumizi yetu. Mvua za Machi zikija katikati ya mwezi tutafika kwa shida. Zikichelewa, tutanunua siku chache. Maji ya kunywa na kupikia hatujanunua tangu Desemba.

Mkaa: gunia lililokuwa linakwisha ndani ya mwezi sasa linaingia mwezi wa pili. Sehemu kubwa ya upungufu huo imetoka kwenye kikapu. Mtu mwenye nafasi ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, asiye na ploti wala fedha ya tangi, aanze na kikapu. Kinatengenezwa alasiri moja na hata mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuwa nacho.

Mboga za majani hatukununua. Nyanya na vitunguu tumenunua na tutaendelea kununua. Nyanya ya kiangazi inadai maji mengi na dawa, na mkulima wa bondeni anailima vizuri kuliko sisi. Sioni sababu ya kumnyima fedha yake.

Mihogo tumeanza kuchimba. NAROCASS 1 tumekata mizizi kadhaa katikati, yote ni meupe, hakuna mchirizi hata mmoja.

Mkopo wa kikundi umebaki kidogo, utamalizwa kwa mauzo ya vipando vya viazi. Oda tatu zimeshaandikwa. Upande wa pili wa paa, ule wenye mita za mraba 31 nyingine, utapata mfereji kabla ya Machi kuisha, na maji yake yatapelekwa kwenye mapipa mawili ya zamani kwa ajili ya kufulia. Nimeshayasugua mapipa. Kinachosubiriwa ni kona za mabomba, ambazo dukani zimeisha, na muuzaji amesema zinakuja Alhamisi.